Uongo wa Siku ya Msiba

Leokadia mwanangu,

Barua ya mzazi huanza kwa kusema sisi huku wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Wewe hata hujaondoka, uko kwa mama mdogo wako unasukwa, na mimi si mzima. Nina hasira tangu jana mchana. Nimemfokea fundi baiskeli, nimemfokea jirani kwa ajili ya mbuzi wake, nimeifokea redio mpaka nikaizima. Sasa nimekaa mezani na daftari lako la zamani la kemia, lile uliloacha kurasa za nyuma nyeupe, nimeona bora nimfokee anayestahili.

Mambo ya safari sikuandikii. Tiketi unayo, sweta unalo ingawa huko Dar es Salaam utaligawa, na watu wa bendi wamesema watakupokea stendi. Kama kuna kitu cha mjini hukijui, mji utakufundisha wenyewe. Ninayotaka kukuandikia ni ya jana.

Jana mchana alikuja Mzee Nassoro. Alitoka dukani kwake mjini mpaka hapa Kizwite kwa miguu, mzee wa miaka sabini na kitu, amebeba gitaa mgongoni ndani ya mfuko wake. Mimi nilikuwa kwenye kigoda uani napukuchua mahindi. Wewe ukatoka jikoni na unga mikononi, ukasimama mlangoni, hukumwamkia. Akasema, "Nimesikia bendi ya huko imekuchukua upige besi. Nimekuletea hili. Ni la mkono wa kushoto, nimeliagiza makusudi." Nawe ukamwambia, "Chukua gitaa lako. Mama yangu alikufa wewe ukiwa na habari zake kwenye simu, ukazificha ili ngoma yako isiharibike."

Akasema, "Nisamehe, mama."

Kisha akanitazama. Unajua nilifanya nini? Niliendelea kupukuchua. Nilishika gunzi ambalo halikuwa na punje hata moja, nikalipukuchua. Yule mzee akalirudisha gitaa mgongoni, akaondoka polepole kwa sababu goti lake linamsumbua, na wewe ukaja ukanishika bega ukasema, "Baba usijali, leo nimemwambia." Uliona napukuchua gunzi tupu, ukadhani ni uchungu. Ilikuwa aibu, Leokadia. Ulimfukuza mtu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakutazama.

Ngoja nikueleze, na usiache kusoma hata kama damu inakuchemka. Yangu imechemka tangu jana na bado naandika.

Mimi besi niliianza kwa sanduku. Kule Chala baba yangu alikuwa na sanduku la mbao, nikalitoboa, nikasimika fimbo, nikafunga waya mmoja wa breki ya baiskeli. Ukivuta fimbo sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Harusi zote za vijijini walinichukua. Baadaye parokiani wakanipa besi ya kwaya, ya nyuzi nne, na nilipofika miaka ishirini na mitatu Mzee Nassoro akanifuata. Alikuwa na malori mawili na duka la vipuri, hajui kupiga hata filimbi, lakini alipenda muziki wa dansi mpaka akanunua vyombo kamili. Bendi tukaiita Ulezi Jazz. Kwa kuwa ulezi huku kwetu hupikiwa pombe, watu walitutania kwamba tutapiga mpaka pombe iishe. Tulizunguka Mpanda, Namanyere, Kipili kwa wavuvi, Tunduma, Mbeya. Miaka kumi na minane nilisimama na besi, na nakwambia bila haya, nilikuwa naipiga.

Besi haina mwenye kuisifu. Hilo umeshalijua huko kwaya. Watu hucheza kwa ajili yako na kumtunza mwimbaji. Wengine hilo haliwasumbui. Mimi lilinila. Nikasema, kama hawanisifu basi wanihitaji. Zama zile wapiga magitaa tulikuwa na tabia ya kuficha mkono. Wapinzani walikuja kusimama chini ya jukwaa, macho kwenye vidole vyako, kesho yake wanaipiga staili yako mji wa pili. Wenzangu walificha kidogo, mimi niligeuka kabisa. Nilipiga nimeelekea kwenye spika, mgongo kwa watu, mgongo hata kwa wenzangu wa bendi. Kule Mpanda wakasema, "Huyu katoka Sumbawanga, ana dawa kwenye gitaa, ndiyo maana hataki lionekane." Nikawaacha waamini. Dawa yenyewe ilikuwa vidole viwili na roho mbaya.

Mzee Nassoro hakuwa mjinga. Aliniita akasema, "Wewe ni binadamu, utaumwa, utafiwa. Mfundishe mpiga ridhim ashike besi siku hupo." Nikasema sawa, mzee. Nikamfundisha yule kijana miezi miwili. Na kila siku kabla hajaja nilikuwa nalegeza nyuzi mbili kidogo tu, nikimwonyesha vidole visivyo mahali pake. Akashika vyote kichwani, maskini, mwaminifu kabisa. Siku alipojaribu jukwaani na nyuzi zilizokaa sawa, akavuruga wimbo mbele za watu mpaka wakampigia miluzi. Akarudi kwenye ridhim yake akilia. Mimi nikacheka na wenzangu, nikasema besi si mchezo wa kila mtu. Mpaka leo yule bwana anaamini hana sikio la muziki. Anauza mbao Laela. Nimewahi kununua mbao kwake nikashindwa kumwambia.

Na wewe je? Ulipokuwa na miaka kumi ulikuja na gitaa la kwaya umelishika kinyumenyume, ukaniomba nikuonyeshe. Nikakwambia besi haipigwi kwa mkono wa kushoto, nenda kaoshe vyombo. Uongo mtupu. Sikutaka tu. Nilikuwa nimeshaacha muziki, sina jukwaa, sina bendi, na bado nilikuwa naficha mkono, tena kwa mwanangu. Ulijifunza mwenyewe, nyuzi juu chini, na sasa unapiga kitu ambacho mimi sikuwahi kukifikia. Jumapili nikikusikia huwa nataka kusimama kanisani niwapigie watu kelele wasikilize. Halafu nakumbuka kwamba sina hata punje moja ya sifa humo, nabaki nimekaa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako, miezi saba. Sisi tulikuwa Tunduma, kuna ukumbi mpya ulifunguliwa na watu walikuwa wameanza kujaa tangu mchana. Saa tisa alasiri nilikuwa nafunga nyuzi. Mzee Nassoro akaja na simu mkononi, uso umembadilika. Akanivuta pembeni.

Leokadia, umekua ukiambiwa kwamba aliificha habari ile mpaka ngoma ilipokwisha. Nimekwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Si kweli. Aliniambia palepale. Akasema, "Mke wako ameanza kutoka damu, wamempeleka hospitali. Mdogo wake amepiga sasa hivi. Kuna lori langu linarudi Sumbawanga, nimeshamwambia dereva akusubiri. Nenda."

Nikasema, "Na besi nani atapiga?"

Akasema, "Mpiga ridhim atajitahidi."

Nikacheka. Mke wangu anatoka damu, na mimi nikacheka, kwa sababu nilijua hawezi, nilihakikisha mwenyewe.

Akasema, "Basi tutapiga bila besi. Watu wakizomea, watuzomee. Nenda."

Hapo ndipo. Maisha yangu yote yako hapo. Kama angesema, tafadhali usiende, tutaangamia bila wewe, nadhani ningepanda lile lori nikijiona shujaa. Lakini alisema watapiga bila besi. Bila mimi! Miaka yote ile nimegeuza mgongo, nimelegeza nyuzi, ili pasiwe na mtu, na yeye anasema kwa kinywa chepesi kwamba watapiga hivyohivyo. Nikaona wakipiga. Nikaona watu wakicheza. Nikaona hakuna hata mmoja anayeuliza besi iko wapi. Hilo lilinichoma kuliko habari ya mama yako. Sikuandikii ili ulielewe, maana mimi mwenyewe silielewi. Nakuandikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia, "Wanawake hutoka damu, mzee. Nitakwenda asubuhi."

Alinishika mkono. Alinisihi. Dereva alikaa na injini inaunguruma kama nusu saa, akapiga honi, akapiga tena, kisha akaondoka. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, lakini lile lori lilifika mjini kabla ya usiku wa manane. Mama yako alikata roho alfajiri, pamoja na mdogo wako aliyekuwa tumboni. Hesabu mwenyewe.

Na nilipiga vizuri. Lazima nikwambie na hili, ingawa kalamu inagoma. Sijawahi kupiga vile, si kabla wala baada. Ukumbi ulipiga mayowe, na kwa mara ya kwanza niligeuka nikawatazama watu usoni. Nilifurahi, Leokadia. Mama mdogo wako aliniambia baadaye kwamba dada yake aliuliza mara tatu, "Amefika?" naye akamjibu yuko njiani. Sasa unajua nilikuwa wapi kila mara alipouliza.

Asubuhi Mzee Nassoro alinileta kwa gari lake dogo mwenyewe. Tukakuta turubai limeshafungwa. Wajomba zako walikuwa wamekaa mstari mmoja pale uani, wote watatu, na mkubwa akasema jeneza la dada yao halitoki mpaka mume aeleze alikuwa wapi. Ulikuwa umebebwa na mama mdogo, unakula andazi. Nikamtazama Mzee Nassoro.

Ndipo Mzee Nassoro akasimama mbele yao, akavua kofia, akasema, "Kosa ni langu. Habari nilipata mimi, nikazificha mpaka muziki ulipokwisha. Huyu hakujua."

Mjomba wako mkubwa alimtemea mate. Nilimwona akijifuta kwa mkono wa kanzu. Walimfukuza pale msibani, na wakati wa maziko alisimama kule barabarani, ng'ambo ya uzio, peke yake, kama mtu aliyekuja kuiba.

Baada ya wiki alinifuata. Akasema, "Nilisema vile ili mama wa watu azikwe kwa amani, na wewe usipigwe mbele ya mtoto. Ulikuwa uongo wa siku ya msiba tu. Ukipata nguvu, waambie." Nikasema nitawaambia arobaini ikipita. Arobaini ikapita. Nikasema nitawaambia baada ya mavuno. Khaa! Mavuno mangapi yamepita? Miaka kumi na sita. Yeye aliniazima uongo wa siku moja, mimi nikaujengea nyumba, nikalala humo, nikakulea humo.

Tena nikaupamba. Ulikuwa uongo mfupi, mimi nikaurefusha. Kwenye vilabu vya kimpumu, pombe yetu ya ulezi, nilieleza jinsi alivyokuwa anatabasamu akiwa na simu mfukoni. Niliacha bendi mbele za watu, nikasema siwezi kumpigia muziki mtu wa namna ile, na watu wakanisifu, wakaninunulia. Ulezi Jazz ikafa mwaka huohuo, vyombo vikaoza stoo. Na wewe, ulipokuwa na miaka tisa, nilikuona ukipita mbele ya duka lake ukamnyima shikamoo, umenyanyua kidevu juu kabisa. Mtoto wa Kifipa amnyime mzee shikamoo! Nilitakiwa nikuchape palepale. Nilikununulia soda.

Hilo ndilo linaloniua. Nilimnyima mama yako mume siku aliyomhitaji, hilo nitalijibu kwa Mungu. Lakini wewe nilikupa chuki ambayo si yako, nikakulisha kama uji, na jana umeitapika juu ya mzee wa watu, nami nikakaa napukuchua gunzi tupu. Sina hasira nawe. Nilikuwa nayo kidogo asubuhi, nikasema mbona mtoto huyu ana mdomo hivi, kisha nikakumbuka ni mdomo wa nani.

Unajua alijuaje kwamba unapiga kwa mkono wa kushoto? Mimi sikumwambia. Leo nilimuuliza katekista. Akasema yule mzee wa Kiislamu huwa anakuja Jumapili misa ya pili, anasimama nje ya uzio upande wa kwaya mpaka wimbo wa mwisho, kisha anakwenda zake. Akasema, "Tulidhani unajua."

Ushauri wa muziki sikupi, utamcheka anayekupa. Nitakwambia tu lililonitokea. Nilidhani bendi inayoweza kupiga bila wewe imekutukana. Mtu akikwambia nenda, tutajitahidi bila wewe, huenda ndiye anayekupenda kuliko wote pale ndani. Huko uendako kutakuwa na mtu amesimama nyuma yako anakodolea macho vidole vyako. Fanya unavyoona. Mimi niligeuza mgongo, na niliyeshindwa kumwona alikuwa mama yako.

Sasa sikiliza, kwa sababu jua linashuka na utarudi muda si mrefu.

Asubuhi nimempigia simu mjomba wako mkubwa. Nimemwambia mtoto anasafiri kesho, njooni wote watatu mmuage. Wamepata gari kutoka Chala, wako njiani. Mama mdogo wako atakuja nawe. Halafu nikampigia Mzee Nassoro. Alikataa. Alisema, "Muache mtoto asafiri na amani yake." Nikamwambia amani gani hiyo, mzee, amani gani? Nadhani nilimfokea na yeye. Mwishowe akasema atakuja baada ya magharibi, na kwamba ataketi karibu na mlango.

Wanadhani wanakuja kukuaga. Wanakuja kunisikiliza. Watakachonifanyia wajomba zako ni haki yao, na usiingilie. Utakachonifanyia wewe sijui. Ukitaka kuondoka kesho bila kunipa mkono, mkoba wako nitaubeba mpaka stendi nikiwa hatua kumi nyuma, au nisiubebe kabisa, useme wewe. Nakupa barua hii mlangoni kabla hawajaketi, kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kustahili kujua, na kwa sababu nyingine moja ambayo naona aibu kuiandika.

Najijua. Nitaanza vizuri. Nitasimama, nitasema majina yao kwa heshima, kisha nitamtazama mjomba wako mkubwa machoni na ulimi utaanza kutafuta njia. Nitasema wakati ule simu zilikuwa za shida. Nitasema barabara ilikuwa mbovu. Uongo nimeufanyia mazoezi miaka kumi na sita, ukweli sijaufanyia hata siku moja, na Mzee Nassoro, nakuapia, atafungua mdomo kuniokoa tena.

Usimwache. Ukinisikia nimetaja barabara, simama hapohapo, mbele yao wote, uwasomee karatasi hizi kwa sauti. Usinionee haya kwa sababu mimi ni baba yako. Na ukifika pale aliposema nenda, soma mara mbili.

Baba yako